Mayai Alikuwa Anakula Nyanya

Layla, Ramzi,

Nimeenda kazini. Ndengu iko jikoni, muipashe moto. ~~Ramzi, mayai usiguse.~~ Ramzi, pole mwanangu, nilikusingizia bure. Mayai alikuwa anakula nyanya yenu.

Baada ya swala ya alfajiri nimesikia mtu anahema huko nyuma ya nyumba. Nikadhani mwizi, nikatoka na mwiko. Kumbe ni Nyanya! Miaka sitini na nane, leso kiunoni, anainua paipu yenye mikebe miwili ya mafuta ya kupikia, yote imejazwa simiti. Eti alianza baada ya Idi. Mayai matatu kila siku, na mzani wa kliniki unasema ameongeza kilo nne.

Nikamfokea, "Mama, unataka kuvunjika mgongo?"

Aliingia chumbani kwa babu yenu. Tangu apooze hageuzwi bila watu wawili, si mnajua? Nyanya alimshika chini ya mabega akamgeuza peke yake, pole pole.

Ndio akaniambia, "Yule mwanamume wa kumuosha asirudi. Mume wangu akioshwa na mgeni, huwa analia."

Mkitoka shule pitieni dukani kwa Winrose, mchukue trei nzima ya mayai. Ni ya Nyanya. Mtu asiguse.

Mama yenu