Pacha wa Mzee Koti

Kwako Dada,

Nianze na sauti, salamu zifuate. Ni sauti ya komeo la mlango wetu wa mbele: chuma kikavu kikisukumwa ndani ya tundu lake, kisha kimya, na nyuma ya kimya hicho muziki wa kufungia tamthilia ya saa tisa alasiri. Nilikuwa darasa la kwanza, nimelala kifudifudi sakafuni. Tangu siku ile, nikisikia komeo popote, hata la chooni kazini, muziki ule huanza wenyewe kichwani. Sikuwa najua kwa nini. Sasa najua, na nimeona nikuandikie badala ya kukupigia simu. Kwenye simu ungenikata kauli, na kazi hiyo unaiweza.

Natumaini u mzima, na shemeji pia, na wanangu wanaendelea vizuri na masomo. Mama huko kwako najua hajambo, maana nilizungumza naye juzi ulipokuwa shuleni kwako ukiwanyoosha watoto wa watu. Bado wanakuita Pasi? Mimi mwili haujambo. Moyo usiuulize, utapata habari zake humu humu.

Nilikwambia kwamba ofisini wamenipa tamthilia ya zamani inayorudishwa hewani, niandike maneno ya Kiswahili yatakayopita chini ya picha. Hukuuliza ni ipi. Ni ile. Tunafanya kazi wawili katika chumba kisicho na dirisha, mimi na fundi sauti mmoja mtu mzima tunayemwita Bwana Mitambo, ambaye hutafuna karanga kutwa na kusema hajawahi kuona ajira ya kutazama wanawake wakilia. Nasikiliza sentensi, nasimamisha picha, naandika, napunguza mpaka itoshe mistari miwili. Msimamizi wetu ana sheria moja tu: kupunguza ruksa, kugeuza marufuku.

Majina yao halisi yamenishinda kuyazoea. Kwetu walikuwa Mama Hereni, Mzee Koti na Binti Machozi, na hawatakuwa wengine. Nilipoiwasha sehemu ya kwanza niliona sebule yetu yote: Mama kwenye kiti chake, miguu juu ya kigoda, mtu yeyote asimsemeshe mpaka muziki wa mwisho, mimi sakafuni, na wewe kando ya runinga, mikono umeikunja, ukitueleza wanasema nini. Mama hakuijua lugha ile. Wewe uliijua kwa sababu Baba, mpiga chapa, alikuwa amekufundisha mezani kabla hajaondoka. Mimi hakuwa amenifikia. Baba nilimkumbuka kwa mabega tu, kwa kuwa huko ndiko alikokuwa akinikalisha.

Siku za mwanzo nilicheka. Wakili wa familia ulimfanya daktari kwa miezi mingi, hata Mama akawa anashangaa ni daktari gani huyu asiyegusa sindano. Ulikuwa mtoto nawe, na neno likikupita ulichomeka lako. Nilicheka mpaka Bwana Mitambo akaniuliza nimeona nini, nikamwambia nimemwona dada yangu. Nilikupenda sana wiki hiyo, Dada. Naomba ulijue hilo kabla hujaendelea kusoma.

Kulikuwa na sentensi moja niliyokuwa naingoja kwa hamu. Unaijua. Mzee Koti, aliyemtoroka mkewe, amerudi na amesimama mlangoni wiki nzima, kwani kwenye tamthilia mtu hubisha hodi Jumatatu akaitikiwa Ijumaa. Mama Hereni anamjibu kutoka ndani: “Rudi ulikotoka. Nyumba hii imeshazoea kukaa bila wewe.” Mama aliigeuza methali. Alimwambia paka aliyelala nje, akamwambia fundi bomba aliyechelewa, akauambia hata umeme uliporudi. Nami nilikua nikiamini hakuna mtu aliyewahi kusema jambo zuri zaidi. Nadhani ndiyo iliyonipeleka kusomea lugha. Nilikuwa nimeshapanga jinsi nitakavyoikata mistari miwili.

Ijumaa ile ikafika kwenye skrini yangu baada ya chakula cha mchana. Mzee Koti akabisha. Mama Hereni akasogea mlangoni, hereni zikimcheza. Akafungua. Akasema: “Ingia. Chakula kimepoa, lakini sahani yako ipo.” Nikarudisha nyuma. Akafungua tena, akasema yale yale. Ile chupa ya sumu uliyotuambia ameificha kwenye koti ilikuwa dawa ya kifua. Alikuwa ameugua mbali akaona haya kuomba msaada. Nikasema labda sentensi yangu iko mbele. Nikaenda mbele. Nikamkuta Mzee Koti mezani, anakula. Siku iliyofuata yumo, anarekebisha mguu wa kiti. Nikajituliza kwamba huyu ni Pacha.

Unamkumbuka Pacha? Mimi nilimkumbuka kuliko wote. Nilisoma orodha ya waigizaji mwishoni, nikaipitia sehemu baada ya sehemu nikimtafuta ndugu wa Mzee Koti aliyefanana naye kama sarafu mbili. Hayupo. Hakuwahi kuwepo. Kulikuwa na mwanamume mmoja tu, aliyeondoka, akarudi, akafunguliwa.

Hapo ndipo kicheko kilipokatika. Picha ilionyesha mlango ukifunguliwa na watu wakikumbatiana, na Mama alikuwa na macho. Basi ukamwambia anaota. Mzee Koti amelala mtaroni anaota amefunguliwa. Na alipoendelea kuonekana mezani kila alasiri, ukamwambia huyu ni pacha wake, mwema, amekuja kumlinda shemeji yake. Mama akampenda Pacha. Miaka mingi alituambia kwamba mwanamume wa kuolewa naye ni yule, si nduguye mwenye chupa. Nawe ulikuwa umekaa pale pale, unasikia, mikono umeikunja.

Neno likikupita unachomeka lako, hilo nalijua. Lakini “ingia” haikukupita. Ni neno la somo la kwanza.

Kisha nikaikumbuka wiki yenyewe. Jirani yetu fundi cherehani alikuwa ameleta ujumbe kwamba Baba angependa kurudi, na angepita siku moja kati ya siku hizo. Mama hakusema ndiyo wala hapana. Ila aliteremsha kikombe chake kutoka juu ya kabati, akakiosha, akakiweka pamoja na vyetu. Nilikiona. Wewe pia ulikiona, na ndiyo wiki ulipomtia Mzee Koti chupa kwenye koti. Kila alasiri ulimwongezea ubaya. Ijumaa, ulipofika kwenye ile sentensi yako, Mama akainuka, akacheka kwa aibu kidogo, akasema mtu asije akatuingilia na sumu zake, akasukuma komeo. Mchana kweupe. Ndiyo sauti yangu hiyo. Wiki iliyofuata kikombe kilirudi juu ya kabati, nawe ukatuambia: mwaona, alisema atakuja na hakuja, ndivyo alivyo. Nikakuamini. Nani mwingine ningemwamini? Wewe ndiye uliyekuwa ukijua wanasema nini.

Mwezi uliopita Baba alikutumia ujumbe kwamba macho yanamwisha na angetaka kutuona yakiwa bado yanaona. Ulimjibu hapana kwa niaba yetu sote wawili, ndipo ukaniarifu. Nilinyamaza, kama kawaida. Baada ya Ijumaa ile ya kwenye skrini sikuweza kunyamaza tena. Nikamtafuta.

Nilimkuta katika chumba cha nyuma ya duka la vifaa vya ofisi. Mwenye duka alimwachia akae alipokuwa bado anawapigia watu chapa. Sasa hawezi, na chumba kinahitajika kwa makaratasi. Kimejaa harufu ya wino. Alinitambua kwa mwendo, akaniita Kinda, jina ambalo sijaitwa na mtu tangu mabega yale. Sikumweleza habari za tamthilia. Sikumtaja Mama wala wewe. Nilimuuliza kitu kimoja: kwa nini, baada ya kutuma ujumbe, hakuja.

Akatabasamu upande mmoja, akasema: “Nyumba ilikuwa imeshazoea kukaa bila mimi.”

Dada, sentensi hiyo haimo kwenye tamthilia. Haikuandikwa na mtu yeyote. Ilitungwa alasiri moja, katika chumba kimoja, na mdomo mmoja, na aliyeweza kuisikia siku ile ni mtu aliyekuwa ndani au aliyekuwa mlangoni.

Nilipomuuliza ameitoa wapi, hakutaka. Nilimkazania, akasema. Alikuja Ijumaa ile. Alikuta ni saa tisa, na anamjua Mama, hagongewi mlango kabla ya muziki wa mwisho. Basi akakaa kwenye ngazi, chini ya dirisha, akangoja kama mgonjwa anayengoja zamu. Alisikia kila kitu. Alimsikia yule mwanamke akisema ingia, sahani yako ipo, na papo hapo akakusikia ukimwambia mama yako kwamba amesema rudi ulikotoka. Mwanzo alidhani umekosea. Halafu pazia likasogea, akainua uso, mkaonana. Anasema hukushtuka. Ulilirudisha pazia, ukairudia sentensi ile kwa sauti ya juu zaidi. Kisha akasikia komeo.

Anasema komeo peke yake lisingemrudisha, makomeo hufunguliwa. Kilichomrudisha ni kwamba lugha ile alikufundisha mwenyewe, na katika kutafsiri hukukosea hata neno moja, ulichagua. Akaona mwanawe ameshaamua, naye hana uso wa kubishana na mtoto aliyemwacha.

Na usifikiri alikusema vibaya. Alikutetea mpaka akanichosha. Alisema yule wa kwenye runinga alikuwa mgonjwa, lakini yeye hakuugua. Alikuwa na mwanamke, akaishi naye mpaka akamchoka, au akachokwa, hata yeye hana uhakika. Alisema wewe ndiye uliyebaki ukimwona Mama hali, halali, kwa hiyo nisikuonee. Alisema hata sentensi yako ni bora kuliko ya mwandishi.

Msamaha huo ni wake, akupe. Mimi wangu sijakuletea. Ulikuwa na haki ya kumkasirikia. Ungesimama mbele ya Mama ukasema sitaki arudi, leo ningekuheshimu. Hukusema. Ulichukua mdomo wa mwanamke wa kwenye runinga ukasemea humo, ukamfanya Mama aufunge mlango akidhani anacheza, na ukamfanya Baba auone umefungwa na sote. Mimi nilikuwa mle ndani, hatua chache tu kutoka kwake. Hakuna aliyeniuliza. Ningeinuka sakafuni ningemfungulia, na hilo ulilijua, ndiyo maana uliniambia mimi pia kwamba ana sumu. Niliota chupa ile utoto wangu wote. Kila mwanamume aliyenikaribia nimeitafuta mfukoni mwake. Unanicheka kwenye harusi za watu kwamba mdogo wako anachagua kama anayenunua nyanya. Cheka sasa.

Mama nilimpigia juzi. Nilimwambia nimemwona Baba, kisha nikamsomea wiki nzima ya mlango, sentensi kwa sentensi, kama ilivyosemwa. Hakulia, hakukutaja. Aliuliza: “Sasa Pacha alikuwa nani?” Nikamwambia alikuwa yeye mwenyewe, Mama, amerudi, anakula. Halafu akaniuliza: “Baba yako bado anatia chumvi kabla ya kuonja?” Nikamwambia bado. Akasema ana nguo za kuanua, akakata simu. Sijui atakuuliza nini siku atakapouliza. Jiandae, ila safari hii usimtafsirie kitu.

Nawe najua utakachoniandikia: tukutane kwanza, tulijadili kama watu wazima, wewe uongoze mazungumzo. Hakuna cha kujadili. Baba amehamia huku, kwenye nyumba yetu ya zamani mliyoniachia, tangu Jumapili. Analala chumba kilichokuwa chako. Kikombe nimekiteremsha. Alasiri nikiwa nyumbani tunatazama pamoja zile sehemu nilizomaliza. Maneno anayasikia mwenyewe, lugha yake bado kali kuliko yangu, ila picha haioni vizuri, kwa hiyo mimi namweleza picha. Jana tulifika Ijumaa ile. Hodi ikapigwa, akashika mkono wa kiti, akaniuliza, “Amefungua?” Nikamwambia amefungua. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia njoo karibu na kioo uone, akaja, akaona vivuli viwili vikiwa kimoja.

Utashangaa bahasha kuwa nzito. Fundi seremala alikuja Jumatatu kutwa akahangaika na skrubu zilizoshika kutu, akataka kuniwekea jipya, nikakataa. Akataka kuziba matundu, nikamwambia ayaache. Komeo nimekufungia humu pamoja na barua. Lilisukumwa na mkono wa Mama, lakini lako ni lako. Lipeleke kwako, ukaone pa kulifunga.

Nisalimie shemeji, na wanangu uwabusu. Mama mwambie mlango wetu sasa unasukumwa tu kwa kiganja.

Ni mimi mdogo wako,
Kinda