Lori Lisilo na Dereva

Jumanne, Ushirombo

Afadhali nisingemsomea mume wangu. Jarida lenyewe la hadithi za kisayansi ni la Kiingereza, nililipata parokiani, limechapwa kabla hatujazaliwa. Nilidhani Baba Kulwa atacheka: mgodi uko mwezini, malori yanajiendesha yenyewe. Nikamtafsiria, "Madereva wote wakapumzishwa."

Hakucheka. Yeye anaendesha lori mgodini Geita.

"Mama Kulwa, malori hayo yapo. Juzi wakubwa wa mgodi wametuonyesha moja. Na hilo neno, kupumzishwa, ndilo walilotumia."

Hajui kazi nyingine, na vitenge ninavyouza siku hizi havitoki...

Mwandishi wa enzi zile aliandika kwa furaha kabisa: madereva wanapiga gitaa kutwa. Nimerudia ukurasa wa mwisho, natafuta wanakula nini. Hakuandika.