Usipokee Ng'ombe wa Hyasinta

Kiabakari,
Musoma Vijijini,
3 Julai, 1988.

Mpendwa mdogo wangu Florian,

Pokea salamu zangu nyingi huko Tanga. Wifi yangu Ursula hajambo? Na kifua cha mtoto kimepoa? Sisi tunaamka. Mtama si mbaya mwaka huu. Mimi presha inanisumbua kidogo, lakini kazi nafanya.

Barua yako tuliipata. Shemeji yako Makongoro aliwasomea wazee pale uani, akairudia mara mbili palipoandikwa kwamba Hyasinta wangu ni mvivu wa shule, anatafuta huruma, aolewe tu, akizaa atatulia. Akakunja karatasi akasema, "Mjomba amekubali." Ikawa imekwisha. Mimi nilikuwa nachambua dagaa, nikaendelea kuchambua.

Florian, wewe hujamwona. Tangu Februari mguu wake wa kushoto unakufa. Anatembea vizuri, halafu anauburuta kama gunia, siku nne au tano, halafu unarudi. Mara nyingine anatetemeka mpaka anaanguka. Shule wamemrudisha, wameandika akipona arudi. Yuko kidato cha pili, unajua tulivyohangaika kumfikisha hapo. Hospitali ya mjini walimpiga picha, wakasema mfupa mzima, damu safi, hana ugonjwa. Nesi mmoja akaniambia mbele yake, "Mama, huyu anakuigizia." Maduka sasa yamejaa kila kitu, lakini pale hata dawa ya maumivu hawakuwa nayo, maneno ndiyo waliyokuwa nayo.

Nikaamini. Hilo ndilo linalonila. Wifi Euphrasia alikuja akasema, "Njia ya kwenda kisimani miguu inaijua, ya kwenda shule haiijui? Leteni kaa la moto, kama anadanganya ataruka." Nikamshika mwanangu mabega mimi mwenyewe. Hakuruka. Alilitazama lile kaa juu ya mguu kama anatazama mguu wa jirani. Akaniambia polepole, "Mama, naona unaungua." Euphrasia akaondoka bila kuaga. Kidonda hakijafunga hadi leo.

Kidonda hicho ndicho kilichotupeleka kwa Clementi, tabibu wa zahanati. Alimlaza chali, akaweka kiganja chini ya kisigino cha mguu mgonjwa, akamwambia anyanyue ule mzima. Basi ule mgonjwa ukakandamiza kiganja chake kwa nguvu, nimeona kwa macho yangu. Nikasema moyoni, kumbe kweli anatudanganya. Clementi akanitazama usoni akasema hapana mama, mguu uko hai, ila akiuagiza yeye mwenyewe hausikii, asipouagiza ndiyo unafanya kazi. Mtu hawezi kuigiza hivyo. Ni ugonjwa, na watu wengi wanao.

Halafu akamwambia ahesabu mapigo ya moyo wake bila kujishika popote. Hyasinta akafumba macho, akasema, "Sisikii kitu." Ndipo nikakumbuka, huyu mtoto hajuagi kama ana njaa mpaka aone wenzake wanakula. Mwili wake haumpi habari, au unampa yeye hazipati.

Nikamwambia Clementi na jingine, ingawa niliona haya kwa kuwa ni mwanaume. Ile miaka ya kugombania sabuni nilikuwaga nafua vitambaa vya mabinti wote kwa maji mamoja, kwa hiyo siku za kila mmoja nazijua mpaka leo. Mguu wa Hyasinta unakufa siku mbili kabla ya damu. Miezi mitano, haujakosea. Hospitali nililisema hili wakacheka. Clementi aliliandika. Akasema kuna vitu vinaitwa homoni, vinapanda na kushuka mwilini kila mwezi, na kwa msichana kama huyu vikishuka huenda vinazidisha. Hakusema ndiyo chanzo. Amempa mazoezi ya kutembea akiwa anaimba, ili asiuwaze mguu, na kila asubuhi akae ausikilize mwili wake. Mara hii ya mwisho ulikufa siku mbili tu.

Nikamuuliza ile yenu, akizaa itaisha? Akasema, "Mama, inaweza kuisha, inaweza kuzidi, nisikudanganye. Ila mimba siiandiki kwenye cheti cha dawa."

Anayemtaka ni Burito wa Buswahili, aliyefiwa na mke, ana watoto watano. Ng'ombe wanaletwa tarehe ishirini Agosti. Akiingia kule, mguu ukifa nani atamwambia ni ugonjwa? Atapigwa aamke akachote maji. Na shule ndiyo basi.

Kwetu binti haolewi mpaka mjomba apokee ng'ombe wake. Mimi mama yake sina sauti, Makongoro ameshaniambia. Wewe unayo, tena ukiwa Tanga, hujawahi hata kumshika huo mguu. Niliyekubeba mgongoni ni mimi, nakuomba: andika kwa mkono wako kwamba humpokei ng'ombe huyo. Maneno hayo tu, yafike kabla ya tarehe hiyo. Ukimpokea, mle na watoto wako, ila kwangu usije kuniuliza habari.

Siku ile barua yako inasomwa, Hyasinta alikuwa zahanati anafungwa kidonda. Nimewaomba wote wasimwambie. Kila anayetoka posta anamuuliza kama mjomba ameandika, maana anasema wewe umesoma, utaelewa. Jana kaniuliza mimi. Nimemjibu bado.

Wasalimie Ursula na watoto wote, na shangazi Petronila mkionana. Mama anakusalimu, macho yake sasa hayaoni vizuri. Mungu awalinde barabarani na nyumbani, na aulainishe mkono wako ushike kalamu.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata leo,

Marcelina