Kiota Nilichokitaja kwa Jina Lako

Afande,

Niko ndani ya gari ulilonifundishia kazi, nje ya ukumbi wa mkutano hapa Nakawa, Kampala. Baada ya chai nitaitwa mbele. Chama cha madereva na waongozaji watalii kimenipa nafasi yako: niwafundishe wapya jinsi ya kumwonyesha mgeni mnyama bila kumharibia mnyama maisha. Walisema, nani mwingine kama si Nekesa, aliyefundishwa na Afande mwenyewe? Nikakubali. Ningesemaje?

Kuna jambo hulijui.

Wiki mbili tu baada ya kukuzika kwenu Gulu, niliona kiota cha bulwe kinamasini. Bulwe wako, yule ndege wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu, ambaye Wazungu wanavuka bahari kuja kumwona na mara nyingi wanamkosa. Nilikuwa na Ssalongo, mpiga kasia wetu. Tulisimama mbali, kama ulivyotaka. Mama akachota maji kwa ule mdomo, akarudi, akayamwaga juu ya yai lake lisiungue na jua. Nililia, Afande. Ungekuwepo ungenicheka mpaka kofia ianguke.

Kisha nikatoa simu. Unajua desturi yetu: dereva akiona mnyama anawaarifu wenzake kwenye kundi la WhatsApp, ili asiwepo mgeni wa kurudi hotelini mikono mitupu. Wewe ulikuwa wa kwanza kutuma, ila kiota hukutuma hata siku moja. Mwaka wangu wa kwanza, mimi Mkenya niliyetoka kuosha magari Nateete, nilikuuliza kwa nini unawanyima wenzako. Ukazima injini, ukanigeukia.

"Ndege unaweza onyesha watu. Iko na mabawa, itakimbia. Sasa yai itakimbia na nini?"

Nililijua hilo, na bado nikatuma. Nilikuwa nimechoka kusikia kwamba bila marehemu mimi si kitu. Nikatuma picha na mahali penyewe. Mzee Kato, dereva mkongwe kuliko sisi wote kundini, akauliza, viota vimeanza lini kutumwa? Nikamjibu pale pale, bila kufikiri, kwamba Afande alikuwa anaruhusu, mradi tu iwe ni sisi kwa sisi.

Kesho yake mitumbwi ilijaa. Watu walikata mafunjo ili picha zitoke vizuri. Mama alisimama mbali, hakuthubutu kukaribia, na jua la saa saba lilikuwa juu ya lile yai. Siku ya tatu Ssalongo aliniambia ndege amehama, yai limeachwa. Hakunilaumu. Alininyima macho tu njia nzima mpaka nchi kavu.

Nilidhani litasahaulika. Kumbe limekuwa sheria. Mwezi huu dereva mmoja alinisimulia, akidhani ananifurahisha, kwamba yeye hutuma viota kwa sababu ndivyo Afande alivyofundisha. Nilihisi kama nimepigwa kofi. Uongo wangu unatembea Kampala nzima na jina lako. Na kuna kiota kingine, Afande. Ssalongo amekiona juzi, ameniambia mimi peke yangu, sijui kwa nini bado ananiamini. Nikinyamaza leo, watu watatoka humo ukumbini wakiamini wana ruhusa yako. Nikisema, mimi ni mtu aliyemsingizia marehemu.

Wananiita.

Nimerudi. Nimesema.

Karatasi za somo sikuzifungua. Niliwaeleza yote, kuanzia picha mpaka lile jibu nililompa Mzee Kato. Mzee Kato akasimama. Unajua alivyokupenda.

"Yeye hayuko hapa ajitetee," akasema. "Tulimuzika sisi wote, sasa wewe unamusingizia?"

Nikasema ndiyo, Mzee.

Wameninyang'anya kazi ya kufundisha. Wengine wamenipita mlangoni bila salamu. Lakini kabla ya kufunga mkutano, Mzee Kato alisoma mbele ya wote kanuni mpya: atakayetuma kiota anatoka kundini, hata awe nani. Akaomba mikono. Iliinuliwa yote, na wangu. Kisha akawaambia wapya kwamba hilo ndilo Afande alilofundisha, na mengine waliyosikia wayasahau.

Nina aibu, Afande. Nina hasira pia, tena na wewe, kwa kuniacha mapema hivi kabla sijawa mtu mzima kazini. Hata hivyo leo nimevuta pumzi vizuri kwa mara ya kwanza tangu tukuzike.

Lala salama. Nitakuja Gulu nikuombe msamaha kwa mdomo, maana karatasi haitoshi. Na ninakuahidi jambo moja. Najua ungeuliza kile kiota kipya kiko upande gani wa kinamasi, ungeuliza kwa furaha tu, ukitabasamu.

Sitakiandika. Hata kwako.

Nekesa