Kitundu cha Maji Matupu: Kumkumbuka Baba Mapezi

Mwaka umetimia leo, Baba Mapezi, tangu utoke asubuhi kwenda kazini na penseli yako sikioni, na jioni tukaitwa hospitali. Mkeo ndiye aliyeshika penseli, watoto wanamsahihisha. Anasema tusikupambe sana, maana hukupenda kupambwa.

Jina hilo ulipewa na shemeji zako. Kila samaki aliyeingia jikoni ilikuwa lazima apite kwako kwanza, umkate kipande cha pezi kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho, ukitie kwenye kichupa cha spiriti. Shemeji wakaletewa samaki wenye mapengo hadi wakauliza kama humu ndani kuna paka. Mkeo akawajibu kwamba yupo, na anakula mshahara wa serikali. Ulicheka mpaka ukapaliwa.

Vichupa vyote uliviandika kwa penseli. Wino ukiguswa na spiriti unakimbia, ulituambia, na samaki asiyejulikana alikotoka ni kitoweo tu. Mpaka leo madaftari ya wajukuu na tarehe kwenye mlango wa friza ni penseli tupu.

Kazi yako ulitueleza kwa neno moja: ukoo. Kibua wa kaskazini na kibua wa kusini ukiwaweka sinia moja huwatofautishi. Lakini ndani ya vinasaba vyao kuna alama, na alama hizo ndizo zinazosema kama wanazaliana pamoja au kila upande una ukoo wake. Kama ni ukoo mmoja, ukiwamaliza huku watakuja wengine kutoka kule. Kama ni koo mbili, ukiwamaliza huku ndiyo basi tena. Miaka kumi na moja kabla hujatutoka ulipima, ukaandika: ukoo mmoja. Wakubwa wakakuamini, na nyavu zikaongezwa kaskazini.

Halafu, miezi michache kabla hujatutoka, ikaja ile Jumamosi. Ulikuwa mezani na binti yako, naye sasa ni mtaalamu wa maabara, unamwonyesha picha za vipimo vile vya zamani. Trei zako zilikuwa mbili, kila moja na vitundu tisini na sita, nusu ya mwanzo samaki wa kaskazini, nusu ya mwisho wa kusini. Kitundu cha mwisho kabisa, pale pembeni, hukukitia samaki. Ulikitia maji matupu, kisionyeshe kitu. Binti akaweka kidole kwenye picha ya trei ya pili.

"Baba, mbona kitupu kiko mwanzo?"

Uliivuta picha karibu, ukaona. Trei ile iliingizwa kwenye mashine ikiwa imegeuzwa, nyuma mbele. Samaki wake wa kaskazini wakasomwa kuwa wa kusini, wa kusini wakawa wa kaskazini, wakachanganyika na wale wa trei ya kwanza, wote wakaonekana ndugu. Chai ikapoa mbele yako. Ulishika kichwa kwa mikono miwili, wewe ambaye hata kwenye msiba wa mama yako hukushika kichwa.

Wenzako walikushauri unyamaze. Ulibakiza miezi saba kustaafu, nani angefukua mambo ya zamani? Mkeo naye, leo anakiri mbele ya watu wote, alikuambia hivyo hivyo. Aliogopa jina lako lisichafuke, na hilo linamuuma hadi sasa. Wewe ukapiga moyo konde. Uliandika barua, kisha ukaenda mwenyewe kwenye mnada wa samaki wa kaskazini, ukasimama katikati ya wachuuzi.

"Niliyekosea ni mimi," ukawaambia. "Si nyinyi, wala si samaki."

Mama mmoja mchuuzi akakupa vidonge vyako: mabinti zake wameacha biashara kwa kukosa vibua, na siku zote hizo wewe ulikuwa wapi? Ulimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha ukamwomba uwakate mapezi samaki wake, naye akakusogezea beseni. Kaskazini na kusini ulikusanya mapezi mia moja na tisini. Hukuwahi kuyapima.

Binti yako ameyapima, Baba Mapezi. Wiki tatu alikuwa na trei zako, kila pembe ameitia alama ya penseli. Mwezi uliopita majibu yakatoka: koo mbili, na kitundu kitupu mahali pake kwenye trei zote. Kuanzia msimu ujao, uvuvi wa vibua kaskazini utafungwa miezi ya kuzaliana. Tulikwenda kumpa habari yule mama mchuuzi. Hakusema asante. Aliuliza tu kama uliondoka ukiyajua majibu. Mkeo akamwambia ukweli, kwamba hukujua. Mama yule akamshika mkono.

Mwanao dereva alitaka kukitoa kiti chako cha kona, kinabana njia. Dada mtu akamkatalia. "Kiache hapo hapo. Kitupu lazima kiwe mahali pake, ndipo tujue sisi wengine tuko sawa."

Kipo, na hakuna anayekikalia.

Unakumbukwa na mkeo, aliyekuambia unyamaze. Binti yako wa maabara. Mwanao dereva na mkewe. Dada yako mshonaji. Shemeji zako wa samaki wenye mapengo. Na wajukuu wawili wanaogombea penseli zako.

Haya yote tumeyaandika kwa penseli. Wenye gazeti ndio watakaotia wino. Hututoki moyoni, Baba Mapezi, leo wala kesho.