Joystick ya Mkono wa Kushoto

Jumamosi, Julai. Jioni.

Leo mlima haujaonekana kabisa. Mawingu yameshuka karibu kugusa mabati ya majirani, na mjini Moshi kuna ile baridi ya Julai inayowafanya watu watembee na makoti mpaka saa sita mchana. Nimechoka, lakini nimechoka vizuri. Nimefanya nililosema nitafanya.

Nimenunua joystick.

Naandika hapa kwa ajili yangu, ila najua kuna wachache mnaopita mkasoma, kwa hiyo nieleze. Ni ile fimbo fupi iliyosimama juu ya kitako chake, unaichomeka kwenye kompyuta. Ukiilaza mbele, chombo chako kinainamisha pua. Ukiivuta, kinainua. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, kazi yangu ni kupandikiza mbegu kwa ng'ombe wa maziwa huko vijijini Hai, na nikipata nafasi narusha meli ya mizigo angani, kwenye gemu. Kazini hawajui. Wakiniuliza wikiendi nilikuwa wapi, nasema nilipumzika.

Gemu hii niliianza mwaka niliovunjika mguu. Pikipiki iliteleza kwenye tope nikipanda Masama, nikakaa ndani miezi miwili na kompyuta niliyozoea kuitumia kwa kumbukumbu za ng'ombe tu. Wenzangu wengi kwenye gemu wanapigana. Mimi nabeba mizigo. Napakia madini kituo hiki, napeleka kituo kile, nyota zinapita kimya, na kichwa changu kinatulia.

Kinachonishinda ni kuingiza meli kituoni. Mlango ni mwembamba na kituo chenyewe kinazunguka. Kwa kibodi na mausi nimegonga ukingo wa ule mlango mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Ndipo nikaanza kutafuta joystick, na nikaitafuta kwa bidii kama mtu anayenunua ng'ombe. Miezi miwili nimesoma na kutazama video. Nilijifunza kwamba nyingine zina vifaa vya ndani vinavyosuguana, vikichakaa au vikiingia vumbi meli inaanza kupinda yenyewe hata hujaigusa, na kwamba zenye sumaku hazina tatizo hilo. Nilijifunza kutafuta ile inayozunguka kwenye mhimili wake, ili nigeuze pua kushoto na kulia bila kuhitaji pedali za miguuni. Springi isiwe ngumu ya kuchosha kiganja wala laini ya kuyumba. Yote nikayaandika kwenye daftari, nikachagua moja. Kubwa, nyeusi, yenye sumaku, kishikio kimechongwa kufuata kiganja, kila kidole na mahali pake. Niliipenda kabla sijaigusa.

Jumamosi iliyopita nikaenda dukani kwa Hamisi, kijana anayeuza vifaa vya kompyuta ghorofa ya kwanza, karibu na sokoni. Alikuwa nayo. Alikuwa pia na nyingine ya pili, nyembamba, imenyooka kama mpini, haina sura yoyote ya kuvutia. Hiyo sikuitazama mara mbili. Hamisi akaniwekea gemu kwenye kompyuta yake, nikavuta kiti, nikanyoosha mkono.

Mkono uliokwenda ulikuwa wa kushoto.

Kiganja hakikukaa. Mahali pa dole gumba palikuwa upande usio wangu, kingo zikanibana vidole. Hamisi akasema, bila ubaya wowote, "Hiyo ni ya kulia, dada."

Nikahamisha mkono. Nikajifanya nilikuwa naichunguza tu. Kisha nikarusha kwa mkono wa kulia, nikagonga mlango wa kituo. Nikarudia, nikagonga. Mara ya tatu nilisukuma sana, nikarudisha sana, nikapita pembeni kabisa. Fimbo haikuwa na kosa, na nilijua. Hamisi akanipa moyo kwamba kila mtu huanza hivyo, mkono utazoea.

Mkono utazoea. Maneno hayo niliyasikia mara ya kwanza nikiwa na miaka mitano.

Nilimwambia nitafikiria, nikashuka ngazi. Nikasimama kwenye baraza la duka la chini kama dakika kumi, watu wanapita na matenga ya nyanya, na mimi sijui nasubiri nini.

Niliandike sasa, kwa sababu sijawahi kuliandika. Mimi ni wa kushoto. Krismasi moja ukoo mzima ulipokusanyika nyumbani Masama, nilimpa shangazi, dada mkubwa wa baba, mkono wa kushoto kumsalimia. Shangazi akaurudisha wake. Akamwambia mama mbele ya watu wote kwamba mtoto huyu hajafunzwa. Kesho yake mama alichana kipande cha kitenge, akaufunga mkono wangu wa kushoto kiunoni. Nilifungwa wakati wa kula na wakati wa kuandika, mpaka nikafika darasa la pili. Kitenge kilipoondoka nilikuwa mtu wa kulia, na shuleni kila mtu aliusifu mwandiko wangu.

Nilidhani nimesahau.

Jumapili baada ya ibada nilipanda Masama. Mama yuko peke yake siku hizi, baba alishafariki, na kihamba, shamba letu la ukoo, anakihudumia mwenyewe, kahawa na migomba. Nilimsalimia, tukakaa jikoni kumenya ndizi za mtori. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yakaniishia yote. Nikamuuliza tu kama anakumbuka kitenge.

Alimaliza kumenya ndizi aliyokuwa ameishika.

"Nakumbuka," alisema. "Ulikuwa unalia unasema mkono unauma. Mimi nakaza."

Halafu akanieleza, taratibu, huku kisu kikiendelea. Kwamba wakati ule alikuwa bado mgeni katika ukoo, na kila kosa lake lilipelekwa nyumba hadi nyumba. Shangazi ndiye aliyekuwa na sauti. Mama alimwogopa kuliko alivyomwogopa baba. Aliona afadhali mimi niumie kidogo kuliko tusemwe wote wawili. Hivyo ndivyo alivyosema, niumie kidogo. Hakuomba msamaha. Tukapika, tukala. Nikamsifia mtori.

Nikiri hapa: nilirudi mjini nikiwa na hasira ambayo sikujua ninayo. Nilimkasirikia mama, na shangazi ambaye yuko kaburini, na hata Hamisi wa watu ambaye hakunikosea lolote.

Jumatatu na Jumanne sikuwasha kompyuta. Nilijiambia joystick ni mchezo wa watoto, niachane nayo.

Jumatano nikaitwa kwa mama mmoja, ng'ombe wake amepanda joto la kutaka dume tangu alfajiri. Kazi yetu ina utaratibu wake, mkono wa kushoto ndio unaoingia ndani ya ng'ombe kupapasa njia, wa kulia unashika mrija wa mbegu. Nilipokuwa chuoni, mwalimu alisema mbele ya darasa kwamba mkono wangu wa kushoto unaona. Nilicheka wakati ule, sikulifikiria tena. Jumatano, nimeegemeza shavu ubavuni mwa yule ng'ombe, vidole vyangu vikafika vilipotakiwa kufika bila mimi kuviambia. Muda mfupi kabisa. Yule mama akaniuliza kama nimeshamaliza.

Nilinawa, nikakaa kwenye jiwe nje ya zizi, nikampigia Hamisi.

Nilimuuliza kuhusu ile nyingine, ile nyembamba. Je, sehemu ya kuegemezea dole gumba inahamishika? Akaenda kuangalia, nikamsikia akisogeza vitu. Akarudi akasema ndani ya boksi kuna kipande cha dole gumba na bisibisi ndogo, unaweza kukifunga upande wowote. Ina sumaku? Ina sumaku. Inazunguka? Inazunguka. Nikamwambia asimuuzie mtu.

Ilibaki shida moja. Fimbo ikikaa kushoto, mkono wa kulia ndio wa kibodi, na vitufe vyote vya kuendesha gemu viko upande wa kushoto wa kibodi. Alhamisi na Ijumaa, nikitoka kazini, nilikaa na mipangilio ya gemu nikavihamisha kimoja kimoja: kuongeza mwendo, kufunga breki, kutoa magurudumu, taa, vyote vikaenda upande wa namba. Kazi ya kuchosha. Nilichora ramani yake kwenye daftari nikaibandika ukutani.

Leo asubuhi nimekwenda. Hamisi alikuwa amezitoa zote mbili, kubwa nyeusi na nyembamba, zikae sambamba nichague vizuri. Ile nyeusi bado ni nzuri. Niliishika mara ya mwisho kwa mkono wa kulia, nikaiweka.

Nikafunga kile kipande upande wangu. Kabla ya kurusha nikaiachia fimbo, nikaitazama pua ya meli kwa dakika nzima kuona kama itapinda yenyewe. Haikupinda. Nikaizungusha, nikailaza, nikaivuta. Springi yake ni ngumu kidogo kuliko nilivyotaka, lakini kiganja kilikuwa kimeshafunga, kila kidole kimekaa.

Hamisi aliniangalia. "Kumbe wewe ni wa kushoto?"

"Ndiyo," nilimjibu.

Sijawahi kulisema hilo kwa mtu, utu uzima wangu wote.

Nilipofika nyumbani nilimkuta mama amekaa mlangoni kwa jirani, na mkungu wa ndizi na galoni la maziwa. Hashuki mjini ovyo, goti linamsumbua. Hakueleza kilichomleta. Nilimpa shikamoo, nikamkaribisha, nikaweka maji ya chai. Boksi akaliona. Nikamwambia ukweli wote, gemu, meli, mizigo, na kwamba nimenunua kitu cha kuendeshea. Nilitegemea anicheke. Akasema nimwonyeshe.

Nikakaa. Akavuta stuli ubavuni kwangu. Niligonga mlango wa kituo mara mbili, na mara zote mbili mama alishika meza. Mara ya tatu nilipunguza mwendo, nikaizungusha meli taratibu ifuate mzunguko wa kituo, na mlango ukatulia mbele yangu kana kwamba umesimama. Tukaingia. Mama akauliza kama ndiyo imekwisha. Nikamwambia ndiyo imekwisha, na nikagundua nilikuwa nimeubana mdomo nisicheke.

Akasema anataka kujaribu.

Nilimpisha kiti. Akaishika kwa mkono wa kulia, kama ambavyo angeshika kitu chochote. Kile kipande kikamgusa vidole badala ya dole gumba.

"Mbona haikai mkononi?"

"Ni ya kushoto, Mama."

Akakaza vidole, akasukuma. Meli ikapinda, ikagonga. Nikamrudishia mwanzo, ikagonga tena. Niliona plastiki inavyombonyeza kwenye mfupa wa kidole, nikamwambia ahamishe mkono, ajaribu na mwingine, au nikifungue kipande nikigeuze, ni bisibisi tu.

"Ngoja," alisema.

Akaendelea. Labda robo saa. Sijui alikuwa akitazama nini, kwa sababu kwenye kioo hapakuwa na kitu cha kumfurahisha mtu, ni meli inakwenda mrama tu. Chai ilipoa. Mwishowe akaiachia, akaukunja mkono wake kwenye paja, akawa anausugua kwa dole gumba la mkono mwingine.

"Ndivyo ilivyokuwa," alisema. Hakuwa ananiuliza.

"Ndivyo."

"Na ilikuwa kila siku."

"Kila siku, Mama."

"Nilikukosea, Aikande."

Nimekaa na maneno hayo tangu saa tisa. Sikumwambia yamekwisha, kwa sababu hayajakwisha, na mama si mtu wa kudanganywa. Nilimwambia nimesikia. Akatikisa kichwa kukubali, kisha akaomba chai ya moto. Nilimwekea nyingine, tukanywa, tukazungumza habari za kahawa na goti lake. Nilimsindikiza stendi kabla giza halijaingia.

Kesho nitakwenda ibadani na nitawasalimia watu kwa mkono wa kulia kama kawaida. Hilo silibadilishi, wazee wa pale sina ugomvi nao. Lakini mchana nitarudi hapa mezani nijifunze kutua kwenye sayari, ambako kuna uzito unaokuvuta na hakuna mlango wa kukuelekeza. Najua nitaanguka mara nyingi.

Sitahamisha mkono.