Daftari la Mazoezi

Mutsamudu, Machi 1984

Dada Nafissa,

Bila shaka umeshangaa pindo la shiromani, leso niliyokutumia, kuwa nene hivyo; barua hii nimeishonea humo. Posta siiamini tena.

Mafunzo ya kuwashauri wagonjwa wa akili yanaendelea. Wanafunzi tunafanya mazoezi wenyewe kwa wenyewe: mmoja anaeleza hofu yake ya kweli, mwenzake anasikiliza na kuandika daftarini, kisha mwalimu husahihisha. Mimi nilisikilizwa na rafiki yangu Bahia. Nilimwambia nahofia usalama wa mumeo, shemeji Daroueche, maana huwasema waziwazi mamluki wa kizungu wanaomlinda rais.

Jana daftari lilirudi. Jina la shemeji limepigiwa mstari wa wino mwekundu, na mwalimu wetu hutumia penseli tu.

Shemeji aondoke Moroni leo hii, wala msinieleze aendako. Asubuhi Bahia ameniuliza, kwa sauti ile ya upole tunayofundishwa, siku hizi shemeji analala wapi.

Mdogo wako,
Moina